Duka Lako la Mtandaoni Lionekane: Somo kwa Wafanyabiashara wa Lodwar na Kakuma

Kabla ya kuendelea kusoma, chukua simu yako ufanye jaribio dogo. Fungua Google, kisha uandike bidhaa unayouza pamoja na jina la mji wako: "vikapu Lodwar", "taa za sola Kakuma", "samaki wa kukaushwa Kalokol". Usiandike jina la duka lako, kwa sababu mteja ambaye hajawahi kukusikia hawezi kuliandika. Tazama majina yanayotokea. Kama lako halimo katika ukurasa wa kwanza, basi kwa mteja huyo bado hujafungua duka, hata kama umelipia tovuti na picha zake zinapendeza.

Fanya jaribio hilo mara ya pili kwa kumwomba ndugu aliye Eldoret au Nairobi aandike maneno yale yale. Google huangalia mahali mtu alipo na mambo aliyowahi kutafuta, kwa hiyo simu yako inaweza kukupendelea kwa sababu wewe mwenyewe hufungua tovuti yako kila asubuhi. Simu ya ndugu haina upendeleo huo.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wasusi wa vikapu, wauzaji wa shanga, wenye maduka ya nguo na vifaa vya umeme, na vijana wanaouza bidhaa za wazazi wao mtandaoni. Huhitaji kujua kuandika programu. Sehemu kubwa ya yaliyo hapa ni bure, na ile isiyo ya bure ndiyo inayohitaji macho zaidi, kama tutakavyoona.

Bodaboda wa steji na Google

Mgeni akishuka kwenye steji ya Lodwar na kumwuliza mwendesha bodaboda, "Vikapu vya Turkana nitapata wapi?", yule kijana hupiga hesabu ya haraka kichwani. Ni nani anauza vikapu hasa, wala si mitungi ya plastiki? Ni nani aliye karibu? Na ni nani anayejulikana, ambaye wageni wengine walienda kwake wakarudi wameridhika? Kisha humpeleka huko.

Google, inapojibu mtu anayetafuta biashara ya mahali fulani, imeeleza wazi kwamba huangalia mambo hayo hayo matatu: kama biashara inahusiana na kilichoulizwa, umbali wake, na umaarufu wake. Tofauti ni kwamba bodaboda anakuona ukifungua mlango asubuhi. Google haikuoni. Inazo programu zinazotembea kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata viungo, zikisoma maneno na kuyaweka katika faharasa kubwa. Mtu anapouliza swali, jibu hutolewa katika faharasa hiyo.

Kwa hiyo duka lisipoonekana, kosa huwa katika mojawapo ya sehemu tatu. Huenda Google haijafika kwako kabisa. Huenda imefika lakini haikuelewa unauza nini. Au imefika na kuelewa, ila imeona kuna wengine wanaomfaa mteja zaidi. Ni muhimu kujua ni lipi kati ya hayo, maana dawa zake ni tofauti. Kwa kosa la kwanza kuna kipimo rahisi: andika katika Google neno site, ufuatishe nukta mbili na anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Utaoneshwa kurasa zako ambazo Google inazo. Kama hakuna hata moja, acha kuhangaika na rangi na maandishi. Mwambie aliyekutengenezea tovuti kwamba haijaingia katika faharasa, na akueleze kwa nini. Mara nyingi ni kwa sababu alipokuwa akiijenga aliweka alama ya kuzuia Google isiisome, kisha akasahau kuiondoa.

Maneno ya mnunuzi, siyo ya muuzaji

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wa kaunti yetu wanapopoteza wateja, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chukua mfano wa ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho mzee wa Kiturkana hutembea nacho, akakikalia mchana na kukiwekea kichwa akijilaza. Watu wa mbali wanakitafuta: wenye hoteli, wapambaji wa nyumba, wakusanyaji wa vitu vya kale, na Waturkana wanaoishi miji mingine wanaotaka kimoja sebuleni. Sasa fungua tovuti ya kawaida inayokiuza. Utakuta picha nzuri, na chini yake maneno "Bidhaa 014, bora kabisa, wasiliana nasi". Hakuna ekicholong, hakuna kigoda, hakuna Turkana. Anayekitafuta atafikaje hapo?

Tatizo linaongezeka kwa sababu watu huandika jina hilo kwa njia zaidi ya moja. Wengine huandika ekicholong, wengine ekicolong bila herufi h. Mkenya mwingine hajui jina hilo kabisa na huandika "kigoda cha Turkana". Mtu wa Ulaya huandika kwa Kiingereza, akitumia neno la kitu cha kuwekea kichwa, kwa kuwa ndivyo majumba ya makumbusho yalivyokiita. Watu wote hawa wanataka kitu kimoja.

Suluhisho ni kuandika maelezo kama unavyomweleza mtu aliyesimama mbele yako, ukitaja majina hayo mahali yanapokaa kawaida. Kwa mfano:

"Ekicholong, kigoda cha jadi cha Waturkana. Kimechongwa kwa mkono kutoka kipande kimoja cha mti na kina kamba ya ngozi ya kubebea. Kimo chake ni sentimita 18. Wengine huandika jina lake ekicolong. Wazee hukikalia na kukilalia kichwa. Bei ni shilingi 2,500. Tunatuma kutoka Lodwar hadi Kitale, Eldoret na Nairobi kwa basi."

Hayo ni maneno machache tu. Yanajibu maswali sita au saba ambayo mteja angeuliza kwa simu, na kila jibu ni neno ambalo mtu fulani huenda akalitafuta. Bei na vipimo hapo ni vya mfano, weka vyako.

Hali ni hiyo hiyo kwa vikapu. Taja kwamba vimesukwa kwa majani ya mkoma, mti ambao Waturkana huuita eng'ol, useme ni vya kubebea sokoni, vya kuhifadhia nguo au vya kutundika ukutani. Anayepamba nyumba hatafuti "kikapu" tu, hutafuta kikapu cha ukutani. Mwenye hoteli hutafuta kikapu cha mkate au cha nguo chafu. Muuzaji aliyeandika matumizi ndiye anayepatikana.

Kuna sehemu tatu ambazo maneno hayo yana uzito zaidi. Ya kwanza ni kichwa cha ukurasa, yaani ule mstari wa rangi ya bluu unaoonekana katika matokeo ya Google. Tovuti nyingi zimeacha hapo neno "Nyumbani" au "Karibu". Badilisha kiwe, kwa mfano, "Vikapu vya Turkana vya majani ya mkoma, Lodwar". Kila ukurasa uwe na kichwa chake. Ya pili ni kichwa kinachoonekana ndani ya ukurasa wenyewe. Ya tatu ni jina la faili la picha na yale maelezo mafupi ambayo programu ya tovuti huomba unapoipandisha. Picha inayoitwa IMG_2043 haimwambii yeyote chochote. Ikiitwa ekicholong-turkana, inaweza kutokea hata kwa wanaotafuta picha. Maelezo hayo humsaidia pia mteja asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti.

Tahadhari moja. Wapo wanaoshauri urudie neno "vikapu Turkana" mara hamsini chini ya ukurasa, au uliandike kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe ili wateja wasilione. Google inazijua hila hizo kwa miaka mingi na huzihesabu kuwa udanganyifu. Tovuti inaweza kushushwa au kuondolewa. Na ule mtindo wa kujaza orodha ya maneno katika sehemu iliyofichwa ya ukurasa hauna faida: Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii sehemu hiyo katika kupanga matokeo. Ukiona mtu anakutoza pesa kwa kazi hiyo leo, anakuuzia gunia tupu.

Wauzaji wa taa za sola, simu na vifaa vya umeme wana kosa lao la pekee. Wananakili maelezo ya kiwanda neno kwa neno. Maelezo hayo hayo yako katika mamia ya tovuti nyingine, na Google haina sababu ya kuchagua nakala yako. Andika unayoyajua wewe kwa kuuza hapa: taa hii huchaji simu ngapi kwa usiku mmoja, inavumilia vumbi na joto letu kiasi gani, betri yake hubadilishwa wapi ikiharibika. Hakuna kiwanda kitakachoandika hayo kwa niaba yako.

Kuhusu lugha: Kakuma ina wanunuzi wanaotafuta kwa Kiswahili, Kiingereza, Kisomali, Kiarabu na Kifaransa. Usichanganye lugha tatu katika ukurasa mmoja. Tengeneza ukurasa mmoja kwa kila lugha, na uanze na zile mbili ambazo wateja wako hutumia zaidi. Tafsiri ya mashine ipitiwe na mtu anayeijua lugha kabla ya kuwekwa. Nchini mwetu watu wa kuifanya kazi hiyo hawakosekani, na Kakuma ndiko wako wengi kuliko mahali pengi.

Picha inayokula bando

Google ilianza mwaka 2016 kuhama kutoka kusoma tovuti kama zinavyoonekana kwenye kompyuta hadi kuzisoma kama zinavyoonekana kwenye simu, na mwaka 2023 ilitangaza kwamba kazi hiyo imekamilika. Maana yake ni kwamba ile tovuti unayooneshwa na fundi kwenye kompyuta yake kubwa sio inayohukumiwa. Inayohukumiwa ni ile ya simu. Kwa hiyo siku ya kukabidhiwa kazi, kataa kuitazama kwenye kompyuta. Itazame kwenye simu ya bei nafuu, ukiwa nje ya mji ambako mtandao ni wa kusuasua, ukitumia bando lako mwenyewe.

Tufanye hesabu. Picha moja iliyopigwa na simu ya siku hizi inaweza kuwa na megabaiti 4. Ukipandisha picha 20 za vikapu bila kuzipunguza, mteja anayefungua ukurasa huo anatakiwa kupakua megabaiti 80. Aliyenunua bando la megabaiti 100 amebakiwa na 20, na hajanunua kitu. Wengi hawafiki huko. Huona duara linazunguka, wakaondoka. Ukizipunguza picha hizo hadi kilobaiti 150 kila moja, ukurasa mzima unakuwa na megabaiti 3 hivi, na kwenye kioo cha simu jicho haliwezi kuona tofauti.

Kupunguza picha hakuhitaji fundi. Iko tovuti ya bure iitwayo Squoosh, iliyotengenezwa na watu wa Google, ambayo hupunguza picha ndani ya kivinjari chako. Weka upana wa pikseli 1,200 au chini ya hapo, uchague muundo wa WebP, na uhifadhi. Fanya hivyo kabla ya kupandisha picha yoyote.

Kisha pima tovuti yako katika huduma nyingine ya bure iitwayo PageSpeed Insights. Unaandika anwani, nayo inakupa alama kutoka 0 hadi 100 kwa simu na kwa kompyuta. Soma ya simu. Kipimo kimoja cha kuangalia ni muda ambao kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa huchukua hadi kionekane. Google huuita mzuri usipozidi sekunde 2.5. Usiwe mtumwa wa alama hizo. Tovuti yenye alama 75 inayoeleza bidhaa vizuri inamfaa mteja kuliko yenye 98 isiyo na bei.

Tumefika kwenye bei. Tabia ya kuandika "njoo inbox upewe bei" imetoka katika mitandao ya kijamii ikahamia katika tovuti, na inawafukuza watu. Aliye Nairobi anayelinganisha maduka matatu hatakupigia simu kuuliza. Atachagua kati ya wale wawili walioandika bei. Andika bei kwa shilingi, useme kama usafirishaji umo ndani yake. Eleza malipo yanafanywaje, kwa Lipa na M-Pesa au njia nyingine. Watu wa Kakuma wamezoea kulipa dukani kwa simu tangu mpango wa chakula wa Bamba Chakula ulipoanza mwaka 2015, kwa hiyo kikwazo si teknolojia. Kikwazo ni mteja kutokujua atume pesa wapi na atapata mzigo lini.

Useme ukweli kuhusu siku za kufika. Kama mzigo wa kwenda Nairobi hupitia Kitale, andika hivyo. Kama mvua ikinyesha na laga zikijaa basi huchelewa, andika pia. Mteja aliyeambiwa siku tano na akapata kwa siku nne atakuandikia maoni mazuri. Aliyeahidiwa siku mbili hatasahau.

Jambo jingine ni mabango. Wafanyabiashara wetu hupenda kutengeneza bango la rangi lenye bei zote, kisha kuliweka kama picha moja kwenye ukurasa wa kwanza. Linapendeza kwenye WhatsApp. Kwenye tovuti linaleta hasara mara mbili: Google hutegemea maandishi halisi kuelewa ukurasa, na mteja mwenye mtandao dhaifu huona kisanduku cheupe. Chochote kilicho muhimu, hasa jina la bidhaa, bei, simu na mahali, kiandikwe kwa maandishi.

Kuhusu mapambo sina mengi. Maandishi yasomeke juani, kwa maana hapa kwetu jua si la mchezo: herufi nyeusi juu ya nyeupe, kubwa za kutosha. Kitufe cha kununua au cha WhatsApp kifikiwe na kidole gumba. Ondoa picha zinazojibadilisha zenyewe juu ya ukurasa; zinapendwa na mafundi kuliko wateja.

Kuonekana kwenye ramani

Kama una duka ambalo mteja anaweza kuingia, au unamfikia mteja alipo, fungua Google Business Profile kabla hata ya kufikiria tovuti. Ni bure. Ndiyo inayoleta kile kisanduku chenye jina, saa za kufungua, simu, picha na alama kwenye ramani. Biashara inayouza mtandaoni tu, isiyokutana na wateja ana kwa ana, hairuhusiwi kuifungua. Wanaokutana na wateja ana kwa ana kwa kawaida wanaruhusiwa. Google itahakikisha kwamba wewe ni mwenye biashara kwa simu, ujumbe, barua pepe au video fupi ya duka lako.

Andika jina halisi la duka, lile lililo kwenye ubao. Ukijipa jina la "Duka Bora Nguo Bei Nafuu Kakuma Kalobeyei" huku ubao unasema kitu kingine, unavunja masharti na wasifu wako unaweza kusimamishwa.

Kakuma ina ugumu wake. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016, na ndani yake kuna biashara nyingi mno. Utafiti wa shirika la IFC uliotolewa mwaka 2018 ulihesabu zaidi ya 2,000. Hata hivyo mtu akiandika Kakuma mtandaoni, anacholetewa zaidi ni habari za kambi na misaada. Muuzaji anayeandika "Kakuma" peke yake anazama katika habari hizo. Anayeandika "cherehani na vitambaa, Kakuma 1" au "simu na vipuri, Kalobeyei Kijiji cha 2" anapata nafasi, kwa sababu wachache wameandika hivyo. Na kwa kuwa njia nyingi hazina majina, tumia Plus Codes: bonyeza mahali duka lako lilipo kwenye Google Maps, ushikilie kidole, utapata alama fupi ya herufi na nambari inayoonyesha mahali hapo hasa. Iweke kwenye tovuti na kwenye kadi yako. Mleta mizigo atakufikia bila kupiga simu mara nne.

Tahajia nayo iangaliwe. Lokichoggio huandikwa pia Lokichokio, na Kalobeyei ina tahajia zaidi ya moja. Chagua moja uitumie kila mahali, kisha utaje ile nyingine mara moja katika sehemu ya "tunapopatikana". Jina, simu na mahali vilingane katika tovuti, Facebook na ramani. Nambari tatu tofauti za simu huwachanganya watu na mashine pia.

Maoni ya wateja yaombwe kwa uwazi, baada ya kazi. Usinunue maoni na usitoe zawadi ili usifiwe; vyote viwili vimekatazwa. Anayelalamika ajibiwe kwa heshima. Wasomaji wengi husoma jibu lako kwa makini kuliko lalamiko lenyewe.

Hapa nitoe maoni yangu waziwazi: si kila biashara inahitaji tovuti. Mama anayeuza mboga Lodwar, ambaye wateja wake wote wanaishi kwa mwendo wa miguu, atafaidika zaidi na wasifu wa ramani na katalogi ya WhatsApp Business, ambavyo ni bure, kuliko tovuti ya kulipia kila mwaka. Tovuti inamfaa anayeuza kwa watu walio mbali, hasa wauzaji wa kazi za mikono. Kwao ni jambo la riziki: kikapu cha Turkana kikipatikana mtandaoni kwa jina la dalali wa mbali pekee, faida kubwa hubaki kwa dalali, na aliyesuka hupata kidogo.

Anayekuahidi nafasi ya kwanza

Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia duka la familia Lodwar kupata tovuti. Nililipa mtu aliyeniahidi "nambari moja kwenye Google ndani ya siku 30". Tovuti ilipatikana, na tulipoandika jina la duka letu tulijiona wa kwanza, tukafurahi. Ilituchukua muda kutambua kwamba hakuna mwingine mwenye jina hilo, kwa hiyo hata bila kulipa tungekuwa wa kwanza. Mwaka ulipoisha tovuti ikazimika. Ndipo tukagundua kwamba anwani ilisajiliwa kwa jina lake na barua pepe yake, naye simu hakushika tena. Kadi zote tulizochapisha, viungo vyote tulivyopewa na wageni waliotuandika, vilielekea mahali ambapo hapakuwa na kitu. Tulianza upya kwa anwani nyingine.

Ninaeleza haya kwa sababu mtego huo bado upo. Google yenyewe inasema hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Inasema pia kwamba kazi ya kuboresha tovuti huchukua miezi 4 hadi mwaka mmoja kabla ya faida kuonekana. Anayesema siku 30 ama hajui, ama anakuuzia matangazo ya kulipia, ambayo hutokea juu yakiwa na alama ya tangazo na hutoweka siku pesa zinapokwisha. Matangazo si mabaya, ila yajue kwa jina lake.

Unapoajiri mtu, hakikisha anwani imesajiliwa kwa jina lako au la kikundi chenu, kwa barua pepe mnayoimiliki. Anwani zinazoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, na kupitia huduma yake ya kutafuta unaweza kuona kama anwani imesajiliwa na inaisha lini. Omba nywila za tovuti siku ile ile unayomaliza kulipa. Andikianeni, hata ukurasa mmoja, kazi ni nini na gharama ya mwaka wa pili ni kiasi gani. Bei ya kwanza huwa ndogo na ya pili hushangaza. Kama ni kikundi cha akina mama, nywila zishikwe na watu wawili.

Mafundi hatuna haja ya kuwafuata mbali. Kule Loropio, kando ya Ziwa Turkana, kuna chuo cha Startup Lions kilichokamilika mwaka 2021, ambako vijana wetu hujifunza kutengeneza tovuti na kazi nyingine za kidijitali, na Kakuma pia kuna vijana wenye ujuzi huo. Kijana unayeweza kumkuta sokoni Jumamosi ni rahisi kumfuatilia kuliko jina lililo kwenye simu tu.

Viungo visinunuliwe. Badala yake waombe wanaokujua kweli: hoteli inayotumia vikapu vyako, shirika ulilowahi kuliuzia, waandaaji wa maonyesho ulikoweka meza. Kiungo kimoja cha namna hiyo kina maana kuliko mia za kununua.

Na unapokusanya majina, simu na mahali wanapoishi wateja, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu hata wewe mwenye duka dogo. Chukua yale unayohitaji kutuma mzigo tu, uyatunze, na usimpe mtu mwingine orodha hiyo.

Kupima kazi

Unganisha tovuti yako na Google Search Console, ambayo pia ni bure. Itakuonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi wakakuona, mara ngapi ulionekana, na wangapi walibonyeza. Iangalie mara moja kwa mwezi. Kila siku utajisumbua bure. Ukiona unaonekana sana kwa neno fulani lakini hawabonyezi, rudi uboreshe kichwa cha ukurasa huo. Ukiona watu wanatafuta kitu ambacho unacho dukani ila hujakiandika, tengeneza ukurasa wake. Ukikuta neno usilolitarajia, labda jina la kitu kwa lugha nyingine, lichukue ulitumie: mteja amekufundisha anavyokiita.

Leo, andika katika daftari tarehe, maneno matatu uliyoyatafuta mwanzoni mwa somo hili, na nafasi uliyoonekana kwa kila moja. Punguza picha, andika upya maelezo ya bidhaa zako tano zinazouzwa zaidi, fungua wasifu wa ramani. Baada ya miezi minne, rudia utafutaji ule ule kwa simu ya ndugu yule yule.